Shahada Ndani ya Lifti

Manan alikuwa fundi wa vyerehani, tena muuzaji, katika duka la mtaa wa Mchafukoge aliloachiwa na marehemu baba yake. Mchumba wake, Hind, alikuwa binti wa Mzee Hamud, Mwarabu muuza kanzu na manukato wa Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo. Walijuana siku Hind alipoleta cherehani cha shangazi yake kilichokuwa kinakata uzi. Tangu hapo kile cherehani kikawa kinaletwa dukani mara kwa mara, hata kikiwa kizima.

Mambo yalipofika kwa wazee, Hamud hakumkataa. Alimkaribisha, akamwagiza chai, akamwambia waziwazi, "Mwanangu, mimi ubaguzi sina. Lakini binti yangu ataolewa na Mwislamu. Silimu, uoe."

Manan alikubali palepale. Hakuona ugumu wowote. Dini ya kwao ya Kihindu alizaliwa akaikuta, hii angeichagua mwenyewe, kwa hiyo aliona kama ingekuwa yake zaidi. Hind akajirekodi akitamka shahada, maneno ya kuingia Uislamu, akamtumia kwenye simu. Manan akawa anaisikiliza huku anatia mafuta mashine, mpaka maneno yakamkaa mdomoni kama tangazo la redioni.

Akapelekwa kwa Sheikh Ridhiwani, ambaye ndiye angemsilimisha Ijumaa inayofuata. Sheikh alimwuliza swali moja tu.

"Unaamini?"

"Nimeshaamua, Sheikh."

"Sijakuuliza umeamua nini. Unaamini?"

Sheikh hakumbana. Alimwambia aende akafikirie, Ijumaa haikuwa mbali.

Kilichomsumbua njia nzima si kwamba jibu lilikuwa hapana. Alijitafuta moyoni asione ndiyo, asione hapana pia. Alisimama kwenye kona ya mtaa, jua kali, akajaribu kuamini kwamba mvua inanyesha. Alikaza macho, akataka kwa moyo wote. Jua likaendelea kumchoma utosini, na muuza matunda akamwuliza kama anaumwa.

Nyumbani alimkuta mama yake, Geeta, mbele ya kabati dogo la miungu yao, anabadilisha maua.

"Mama, hivi wewe unaamini?"

"Naamini nini?"

"Hivi vitu. Mungu."

Geeta alimtazama kama aliyetukanwa. "Kila asubuhi nawasha taa hapa. Sijawahi kujiuliza. Utaniuliza na kama naamini wewe ni mwanangu?" Kisha akashusha sauti. "Kuoa, oa. Nimelia, nimemaliza. Ila siku ukija kuniambia umeamini, usinidanganye."

Kesho yake Manan alimwuliza Hind, wamesimama kwa muuza juisi ya miwa.

"Wewe uliamua lini kuamini?"

"Sikuamua. Nimekua, nikajikuta naamini."

"Na ungezaliwa kwetu?"

Hind aliacha kunywa. "Usiniulize hivyo, Manan. Nikianza kufikiria hayo sitalala. Wewe sema maneno, mengine yatakuja yenyewe."

"Yasipokuja?"

Hind alilipa juisi zote mbili, akaondoka.

Alhamisi, Mzee Hamud alimwomba amsaidie kupandisha marobota ya kanzu kwenye stoo yake, juu kabisa ya jengo lilelile la duka lake. Waliingia kwenye lifti wawili tu na mzigo wao. Kabla hawajafika, umeme ukakatika. Lifti ikasimama kwa kishindo, giza likawafunika. Walibonyeza kengele, haikulia. Walipiga mlango kwa ngumi. Halafu lifti ikashuka ghafla, kidogo tu, lakini kiasi cha kuwafanya wote wawili wapige kelele.

"Ram! Ram! Ram!" Manan alijisikia anamwita mungu wa kwao, kama alivyokuwa akiita bibi yake aliyemlea. Lifti ikashuka tena. Hapo shahada ikamtoka, yote, kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho, akairudia na kuirudia, machozi yanamtiririka. Mzee Hamud alikuwa amemshika mkono wa shati.

Umeme uliporudi na mafundi kufungua mlango kwa nondo, watu walikuwa wamejaa pale nje. Mzee Hamud alitoka anayumba, lakini neno lake la kwanza lilisikiwa na kila mtu.

"Kasilimu! Nimemsikia kwa masikio yangu!"

Takbiri zikapigwa. Watu wasiomjua wakamkumbatia. Muuza vitambaa mmoja alisema jina Zayed lingemfaa, na kabla Manan hajapata hata maji ya kunywa, nusu ya mtaa ilikuwa inamwita Zayed. Hind alipiga simu akilia kwa furaha, akamwambia, "Uliona? Nilikwambia yatakuja yenyewe."

Manan aliitikia, "Ndiyo, ndiyo," bila kujua anaitikia nini. Shahada alikuwa ameitamka kweli, hakuna aliyemtuma. Kwamba mle gizani alitaka sana awepo mtu wa kumsikia, hilo nalo lilikuwa kweli. Alishindwa kujua tu yeye mwenyewe alikuwa anamwita nani.

Ijumaa asubuhi yeye na Mzee Hamud walikwenda kwa Sheikh Ridhiwani. Mzee alisimulia habari ya lifti kwa furaha. Sheikh akamgeukia Manan.

"Ndivyo ilivyokuwa?"

"Ndivyo. Ila kabla ya shahada nilimwita Ram. Tena mara nyingi."

Alitegemea Mzee Hamud ang'ake. Mzee aliinamisha kichwa.

"Nilimsikia," alisema. "Nilinyamaza makusudi."

"Kwa nini, Mzee Hamud?" Sheikh aliuliza.

"Kwa sababu mimi sikusema kitu. Nimeswali tangu utotoni, nimehiji, na mle ndani hata bismillahi haikunijia. Nilimwita mama yangu moyoni, na mama yangu alishazikwa zamani. Huyu kijana ndiye aliyetamka shahada. Nikashukuru kwamba katika sisi wawili yupo mmoja aliyeitamka."

Sheikh alipangusa miwani yake, akaivaa, akaivua tena.

"Ya moyoni anayajua Mungu," alisema mwishowe. "Mimi nasikia ulimi tu. Manan, hapa hakuna lifti wala giza. Unaamini?"

"Sijui, Sheikh. Sikatai. Ningekuwa naweza kujilazimisha, ningeshajilazimisha, kwa jinsi ninavyompenda Hind."

"Basi leo sitakusilimisha."

"Na kama sitaamini kamwe? Kosa litakuwa langu?"

"Nilisoma kwamba imani ni zawadi. Nilisoma pia kwamba asiyeamini atahukumiwa. Nilifundishwa namna ya kuyaunganisha hayo mawili, na siku nyingine naona yameungana vizuri kabisa. Leo siyaoni. Njoo wakati wowote, tuzungumze."

Hind alipopata habari alikuja dukani kwa hasira. "Ungesema ndiyo tu! Neno moja!"

"Ungetaka mume aliyesema tu?"

Hind akaketi kwenye kiti cha wateja. "Jana nililia kwa kufikiri umeamini," alisema. "Sasa sijui nililia nini. Sikuachi. Lakini sijui nakusubiri ufanye nini, maana si kitu cha kufanya."

Harusi ikabaki bila tarehe. Mtaani wengine waliendelea kumwita Zayed, wengine wakamwita mwongo. Geeta aliendelea kuwasha taa yake kila asubuhi.

Asiyetegemewa alikuwa Mzee Hamud. Alianza kupita Mchafukoge mchana, dukani kwa mkwe ambaye hajawa mkwe, anaagiza kahawa, anakaa. Kwa muda walizungumzia bei za vitambaa tu. Siku moja aliuliza, huku anatazama barabarani, "Hivi mle ndani, unadhani mimi nilikuwa Mwislamu?"

"Mzee, mimi nitajuaje?"

"Nimekuuliza kwa sababu ulikuwepo."

Manan alifikiri sana. Alitaka kumpa jibu la kumtuliza, na alilitafuta kwa uaminifu, asilipate.

"Sijui, mzee."

Mzee Hamud alitikisa kichwa polepole kukubali, akaomba kahawa nyingine.