Kilo Thelathini na Moja

Barua ya chuo ilifika Alhamisi, mama akiwa anapiga pasi sare yake ya kliniki. Ilisema kwamba binti yao wa pili amekubaliwa kuanza mafunzo ya umisionari, na kwamba aripoti baada ya wiki mbili akiwa na mashuka mawili, Biblia, sweta na moyo wa utii. Baba, ambaye alikuwa fundi viatu na mzee wa kanisa, aliisoma kwa sauti mara mbili. Mara ya pili aliisoma amesimama. Binti mwenyewe, ambaye kwa kuwa alikuwa wa mwisho kuzaliwa walimwita Kitinda, alikuwa ameingoja barua hiyo miezi mitano. Alikwenda uani akalia kidogo kwa furaha, kisha akanawa uso akarudi kuchambua maharage.

Jioni ile, chakula kikipakuliwa, dada yake aliingia kwa mlango wa jikoni, akanawa mikono, akakaa kwenye kiti chake cha zamani. Alikuwa amekufa miaka mitatu iliyopita, huko huko chuoni, akiwa na umri wa miaka ishirini na mmoja. Mama alimtazama, akaenda kabatini akachukua sahani ya nne. Baba alifumba macho kuombea chakula. Alipofika kwenye amina, dada alikuwa ameshamaliza wali wake na ameanza wa Kitinda.

Alikula sufuria nzima. Mama akainjika nyingine. Akala na hiyo, akakwangua ukoko kwa kijiko, akashukuru, akaondoka kwa mlango ule ule. Kesho yake alirudi saa ile ile.

Walizoea upesi. Jirani yao mjane, aliyekuwa akishona nguo barazani, aliuliza kwa nini siku hizi jiko lao halipoi. Alipoelezwa, aliuma uzi kwa meno akasema wamshukuru Mungu.

"Afadhali huyo wenu anakula," alisema. "Wangu akija ni kulalamika tu."

Kilichomsumbua mama ni vifundo vya mikono ya dada, jinsi vilivyotokeza. Kazi yake kliniki ilikuwa kupima uzito, na jicho lake lilikuwa limezoea. Jumatatu aliazima mzani, akaufunga nyuma ya baiskeli, akaja nao nyumbani. Alimwambia dada avue viatu apande. Kilo thelathini na moja. Akampa sufuria mbili za chakula, akampandisha tena. Kilo thelathini na moja. Siku alipoondoka kwenda chuoni alikuwa na sitini na moja; mama mwenyewe ndiye aliyempima.

Baba aliitwa aje aone. Alisimama mlangoni, akasema kwamba barua ya chuo ilieleza ugonjwa vizuri kabisa, na ilikuwa na sahihi ya mkuu wa chuo.

"Nimepima watu miaka ishirini na mbili," mama alisema. "Malaria haimli mtu kilo thelathini kwa miezi miwili."

"Barua ilisema malaria."

"Barua haikupanda mzani."

Baba alirudi kwenye kibanda chake cha kushonea viatu. Tangu msiba ule, picha ya binti yake ilikuwa imetundikwa kanisani karibu na mimbari, na chini yake yameandikwa maneno kwamba alilala akiwa kazini kwa Bwana. Familia ilikaa benchi la mbele. Watu wenye shida walipenda kuombewa na baba kuliko wazee wengine wote, kwa sababu yeye alikuwa ametoa. Picha ile ilikuwa imepigwa kabla ya safari. Mashavu yalikuwa yamejaa.

Jumatano mama alimvua dada gauni ili alifue, na mfukoni akakuta karatasi iliyokunjwa mara nne. Wino ulikuwa haujachuja. Mwandiko ulikuwa wa baba. "Mwanangu," karatasi ilisema, "nimeipata barua yako. Mkuu wa chuo naye ameniandikia, anasema wengi huomba kurudi nyumbani wiki ya tatu ya mfungo, na wakivuka hapo hawaombi tena. Usitutie aibu. Vumilia."

Mama aliipeleka kibandani akaiweka juu ya kiatu ambacho baba alikuwa akikishona. Kilikuwa kiatu cha Kitinda. Alikuwa akivitia viatu vyake soli mpya kwa safari. Baba aliisoma yote. Aliikunja kwa mikunjo yake ile ile, akaitia kwenye mfuko wa shati, akashika sindano. Kuanzia siku hiyo alikula kibandani, peke yake, na mara nyingi sahani ilirudi ilivyokwenda.

Mama hakuwa mtu wa kuzunguka. Alimkalisha Kitinda kitandani, katikati ya mashuka mawili na sweta, akamwambia asiende. Kitinda alikuwa ameshalifikiria jambo hilo. Tangu akiwa na miaka kumi na mitano alikuwa akienda wodini siku za Jumamosi kuwasomea wagonjwa, na ndani ya kazi hiyo alikuwa ameisikia sauti ikimwita. Alijichunguza tena wiki ile nzima, na dada yake akila mbele yake, akitumaini kwamba sauti ingenyamaza. Haikunyamaza. Hilo ndilo lililokuwa tatizo.

"Ninaitwa na Mungu, mama. Siitwi na mkuu wa chuo."

"Na anayepika huko ni nani?"

Kitinda aliahidi kula. Mama alimpakia mikate miwili, mayai kumi na mawili ya kuchemsha na kopo la karanga, akamwonyesha namna ya kulificha kopo chini ya godoro.

Siku ya safari baba alibeba sanduku, akatangulia. Kitinda alimfuata, na dada nyuma yao. Kituoni baba aliomba sala fupi, akampa Kitinda mkono. Hakujua aifanye nini ile mikono miwili ya dada iliyonyooshwa mbele yake.

"Shikamoo, baba," dada alisema.

Baba aliitikia marahaba akiwa anatazama gurudumu la basi.

Kondakta alieleza kwamba marehemu halipi nauli, ila pia hakai kwenye kiti. Dada akakaa kwenye ngazi za mlango. Safari ilikuwa ya saa saba. Kitinda alifungua mkate wa kwanza saa ya pili, akaona dada anavyomtazama, akaupitisha mbele. Baadaye akapitisha na wa pili. Mayai yaliisha kabla ya milima kuanza, na karanga ziliisha milimani. Alishuka langoni pa chuo na kopo tupu.

Chuo kilikuwa juu ya kilima chenye baridi; saa sita mchana wanafunzi walikuwa wamevaa sweta. Mkuu wa chuo alikuja kuwapokea mwenyewe. Alikuwa mzee mpole, mwenye kucha safi, na alikumbuka jina la baba, kazi ya baba na hata maumivu ya mgongo ya baba.

"Karibu, binti," alimwambia Kitinda. Kisha akamgeukia dada kama mtu aliyetumwa dukani akachelewa. "Na wewe umerudi. Vizuri."

Katika ukumbi wa chakula, karibu na dirisha la jikoni, palikuwa na benchi limewekwa peke yake. Wasichana wawili na mwanamume mmoja walikuwa wamekaa hapo, wameshanawa mikono. Dada akaenda kujiunga nao. Mpishi alimweleza Kitinda kwamba msichana mmoja alikuwa marehemu wa mwaka juzi na mwingine wa mwaka jana, na mwanamume yeye mpishi alimkuta hapo alipoajiriwa. Alikuwa akiwapa ukoko wa sufuria za walimu. Hawashibi, alisema, ila kuwanyima ni roho mbaya.

Kitinda alimngoja mkuu wa chuo amalize chai yake.

"Dada yangu alikufa kwa nini?"

"Malaria."

"Na hawa watatu?"

"Malaria. Wote, masikini."

Kitinda alisema kwamba tangu afike hajasikia mbu hata mmoja. Mkuu wa chuo alikubali kwamba kweli walikuwa wamepungua, na akamshukuru Mungu kwa hilo.

Mfungo wa siku arobaini ulianza Jumatatu. Wanafunzi wapya kumi na wanne walipewa kikombe cha maji ya vuguvugu asubuhi na kingine jioni. Walimu walikula kama kawaida, kwa kuwa wao walikwisha kufunga zamani zao. Lango lilikuwa wazi mchana kutwa, na aliyetaka kuondoka angeondoka, na barua ingemfuata nyumbani. Hakuna aliyeondoka. Kitinda alitafuta chakula kwa siku tatu, kama alivyoahidi. Ghala lilikuwa na kufuli, bustani ilikuwa imevunwa, na mpishi alimwambia kwa upole kwamba ana watoto wa kusomesha. Siku ya sita alianza kutembea akishika ukuta. Siku ya nane alisahau mstari wa Zaburi aliokuwa akiujua tangu utotoni.

Siku ya tisa dada hakula. Aliukusanya ukoko wake wote kwenye kiganja, akauvuka ukumbi, akautia mkononi mwa Kitinda, akaufumba mkono huo kwa vidole vyake. Ukoko ulikuwa mkavu na wa moto. Kitinda aliula wote. Kesho yake wale watatu nao walifanya hivyo, kila mmoja kwa mwanafunzi aliyempenda, na keshokutwa wakabadilishana ili wengine nao wapate.

Mkuu wa chuo aligundua kwa kuwatazama. Kulikuwa na wanafunzi ambao walipaswa kuwa wameanza kulia, na walikuwa hawajalia. Hakumgombeza mtu, hakuwa mgomvi. Siku ya kumi na mbili tangazo lilibandikwa mlangoni pa jiko, limeandikwa kwa taipu, lina muhuri. Lilisema kwamba kwa ajili ya utaratibu, kuanzia leo mfungo unawahusu wote, walio hai na waliotangulia.

Mpishi alilisoma, akafuta mikono kwenye aproni, akafunika sufuria.

Mchana marehemu wanne walikuja kama kawaida. Walinawa, wakakaa, wakaweka mikono mapajani. Dirisha la jikoni lilikuwa limefungwa. Zilikuwa zimebaki siku ishirini na nane. Kitinda, ambaye alikuwa ameanza tena kutembea akishika ukuta, aliingia ukumbini akitafuta pa kukaa, na mahali pa karibu palikuwa benchi lile. Wasichana wawili na mwanamume walisogea kidogo kumpisha. Dada yake hakusogea. Alinyoosha mkono, akauweka juu ya ile nafasi, akauacha hapo, amekaza kiganja kwenye mbao, mpaka kengele ya sala ikapigwa.