Tumbili wa Stempu ya Krismasi

Winnie Kangas aliitunza maktaba ya mji wetu, Kettle Bay, kwa miaka thelathini na mmoja, na katika miaka hiyo yote hakugombana na mtu isipokuwa wale wanaokunja kurasa. Alikuwa mjane, mrefu, mwenye sauti ya kunong'ona hata akiwa dukani akinunua samaki. Kilichomfanya ajulikane kidogo nje ya mji ni kitabu kimoja cha sala, kilichoandikwa kwa mkono juu ya ngozi ya ndama zaidi ya miaka mia tano iliyopita, herufi zake zikatiwa dhahabu na kurasa zake zikajazwa picha. Mke wa mwenye mgodi wa shaba alikinunua Ulaya zamani, na alipokufa akaiachia maktaba, kwa kuwa watoto wake waliitaka nyumba tu.

Ukurasa mzuri kuliko zote ulikuwa ule wa kuzaliwa kwa Yesu. Mtoto amelazwa juu ya majani makavu, mama yake amepiga magoti, ng'ombe na punda wamechungulia, malaika yuko juu, wachungaji wako upande wa kulia na kofia zao mkononi. Kuzunguka yote hayo kuna pambo la majani na maua. Na chini kabisa, kwenye pembe, katikati ya majani hayo, mchoraji alimweka tumbili mdogo kama punje ya mchele, ameinama, ameinua mkia, na makalio yake mekundu ameyaelekeza kwa wachungaji.

Winnie alimjua tumbili huyo. Kwa hiyo barua ilipotoka makao makuu ya posta kusema kwamba kamati ya stempu imeuchagua ukurasa ule kwa ajili ya Krismasi, alifurahi, kisha akaingiwa na wasiwasi. Aliketi akaandika barua ya adabu: shukrani nyingi, ila tafadhali mwangalie tumbili aliye kwenye pembe.

Baada ya wiki sita alijibiwa. "Tunakushukuru kwa kupendekeza tumbili kuwa mada ya stempu," barua ilisema. "Tunapokea mapendekezo maelfu kila mwaka. Kwa kuwa stempu haziwekwi mtu aliye hai, tafadhali thibitisha kwamba mhusika amefariki angalau miaka mitatu iliyopita."

Aliandika tena. Alijibiwa vilevile, safari hii na fomu ya kujaza.

Kamati nayo haikuwa imelala. Kila baada ya miezi miwili Bi Paige Hollander, msemaji wake, alimletea Winnie nakala ya picha iliyorekebishwa. Kwanza waliona mtoto yuko uchi mno kwa barua za familia, wakamfunika kitambaa. Kisha wakaona pua ya malaika ni ndefu, inaweza kumuudhi mtu, wakaikata sehemu yote ya juu. Baada ya kukata, ilibidi picha ishushwe. Baada ya kushushwa, ilibidi ikuzwe. Kila rekebisho lilimsogeza tumbili kutoka pembeni kuja katikati, kama mgeni ambaye hakualikwa lakini kila akikaribishwa kiti anakubali.

Winnie alipiga simu.

"Dada Paige, mmemwona tumbili?"

"Bi Winnie, kamati ina wataalamu kumi na wawili. Wameitazama hii picha miezi kumi na moja."

"Ndiyo, lakini wamemwona?"

"Mama, wameona mpaka kucha za punda. Wewe andaa sherehe."

Mwenye kuandaa sherehe alikuwa meya wetu, Rodney Beauchamp, ambaye tangu achaguliwe alikuwa akitafuta kitu cha kuzindua. Barabara haikuwepo, daraja halikuwepo; stempu ilimshukia kama mvua jangwani. Aliagiza bango la stempu lenye urefu wa mita tatu, akalifunika pazia jekundu katika ukumbi wa michezo wa shule ya sekondari, akaalika bendi. Safu ya mbele aliwaketisha wachungaji watatu wa makanisa yetu, kila mmoja na mkewe.

Jumamosi ya sherehe theluji ilianguka tangu asubuhi, lakini ukumbi ulijaa. Kulikuwa na kahawa na mikate ya nyama, na hilo kwetu latosha kujaza ukumbi wowote. Rodney alihutubia muda mrefu juu ya maadili ya familia. Bi Hollander alihutubia juu ya umakini wa kamati. Kisha meya akavuta kamba.

Kwanza watu walipiga makofi. Halafu makofi yakapungua, yakabaki ya bibi mmoja asiyeona vizuri, naye jirani yake akamshika mikono. Pale juu, mtoto alionekana vizuri na kitambaa chake kipya, ng'ombe alionekana, na makalio ya tumbili yalionekana, makubwa kama sinia mbili, mekundu, yamewaelekea wachungaji. Wale wa kwenye picha na wale wa safu ya mbele.

"Hilo ni ua," Rodney alisema kwenye kipaza sauti.

"Ua lina mkia?" mtu akauliza kutoka nyuma.

"Ni ua la zamani, bwana! Maua ya zamani yalikuwa hivyo!"

"Basi Mheshimiwa, linuse!"

Ukumbi ulipasuka. Mchungaji mmoja alitoka na mkewe. Wa pili alitoka bila mkewe, kwani mama yule alikuwa amejiinamia akicheka mpaka machozi. Bendi haikujua la kufanya, ikapiga wimbo.

Jumatatu Bi Hollander alifika maktabani na karatasi. Stempu zilikwisha kuchapishwa mamilioni, zimesambazwa nchi nzima.

"Weka sahihi hapa tu, Bi Winnie. Inasema lile doa ni uchafu ulioingia kwenye ukurasa kwa uzembe wa utunzaji."

"Uzembe wa nani?"

"Haitaji jina."

"Mtunzaji ni mimi peke yangu."

"Ndiyo maana si lazima itaje jina."

Winnie hakupandisha sauti, hajui hata inapandishwaje. Alifungua droo akatoa nakala za barua zake mbili na majibu yake mawili. Bi Hollander alizisoma, akafika pale pa kuthibitisha kifo cha mhusika, masikio yakamgeuka rangi.

"Hizi zilikwenda kitengo kisichohusika."

"Mimi niliandika anwani mliyonipa."

"Kwa hiyo hutaweka sahihi?"

"Dada yangu, yule tumbili amekaa pale miaka mia tano bila kumsingizia mtu. Sitakuwa mimi wa kumsingizia yeye."

Mgeni akakunja karatasi yake akaondoka. Winnie akajitengenezea kahawa na kuisahau ikapoa.

Posta ilitangaza kwamba itaziondoa stempu zote sokoni. Hapo ndipo watu ambao hawajaandika barua tangu wamalize shule walipokumbuka kwamba wana shangazi. Foleni za kuzinunua zilifika barabarani. Kamati ikatoa stempu nyingine haraka, ya ukurasa uleule, lakini kwa woga ilikata pembe zote nne na chochote chenye mkia, hata ikabaki goti la Mariamu na majani makavu. Hiyo haikununuliwa na mtu.

Na Rodney? Jumapili alidai kitabu kifungiwe kwenye sefu kwa aibu ya mji. Ijumaa magari ya wageni yalikuwa yameanza kuegeshwa hadi ufukweni mwa ziwa, na siku kumi baadaye alivaa sweta lenye tumbili kifuani akizindua Juma la Tumbili. "Siku zote nimesema mji wetu una ucheshi," aliwaambia waandishi wa habari. Mchungaji yule aliyekuwa wa kwanza kutoka ukumbini ndiye aliyebariki sherehe.

Kitabu kikawekwa wazi ndani ya sanduku la kioo, na Winnie akakaa kando yake tangu saa tatu asubuhi. Watu walikuja, wakamtafuta tumbili, wakamwona, wakacheka, wakapiga picha, wakaenda zao. Hakuna aliyekaa dakika mbili. Aliitazama migongo yao na akahuzunika kuliko alivyohuzunika siku ya ile karatasi.

Alhamisi moja aliingia Reino Lahti, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa wa barabara ya mgodini, na viatu vyake vya zizini. Alisimama mbele ya kioo dakika kumi. Kumi na tano.

"Tumbili yuko chini, kulia," Winnie alimnong'oneza.

"Nimemwona. Ni huyu ng'ombe, mama."

"Ana nini?"

"Ana mimba. Kubwa. Tazama hapa, karibu na mkia palivyolegea. Na kiwele kimejaa. Siku mbili, tatu, anazaa huyu."

Winnie akasogea. Miaka thelathini na mmoja alikuwa amemhesabu ng'ombe yule kama sehemu ya ukuta. Alikwenda kuchukua kioo chake cha kukuzia, akarudi, akainama. Kweli: kiwele kimechorwa kwa rangi ya waridi, kwa brashi ambayo lazima ilikuwa na unywele mmoja.

"Huyu mchoraji alifuga," Reino alisema. "Mtu asiyefuga hachori hivi. Na alijua mama mmoja amekwisha jifungua na mwingine anangoja zamu."

Winnie alikwenda akaleta kiti cha pili, akakiweka karibu na chake, na Reino akavua kofia akaketi.

"Na punda je?" Winnie aliuliza, na kwa mara ya kwanza watu wa meza za nyuma waliisikia sauti yake.

"Punda simjui mimi," Reino akajibu. "Punda muulize mwenye punda."