Ombi la Nne

Kabati lilikuwa la chuma, la rangi ya kijivu, limeachwa na mafundi wa betri waliokuwa na karakana ukumbini humo kabla kanisa halijapanga ghorofa hiyo ya juu. Ndani ya kabati kulikuwa na kapu, na ndani ya kapu simu thelathini na moja. Kabati lilifungwa kwa kufuli, na ufunguo wa kufuli ulikuwa kifuani mwa Mama Agnès, umebanwa kwa pini upande wa ndani wa blauzi yake ya kitenge. Na Mama Agnès, mjue mapema, ndiye aliyemzaa Héritière.

Mfungo ulianza Alhamisi jioni, uishe Jumapili asubuhi. Ulikuwa mfungo mkavu: hakuna kula, hakuna kunywa, hakuna simu. Mlango wa chini wa kuelekea mtaani ulishushwa bati lake na kutiwa makufuli mawili, maana Jeppestown, mtaa wao huku ugenini, si mahali pa kuacha mlango wazi huku wenyewe mmefumba macho. Ubaoni Pasta Placide aliandika maombi kwa chaki. La kwanza, makaratasi ya Mama Mamie. La pili, mtoto kwa wale waliokosa. La tatu, amani ya nyumbani, yaani Kongo. La nne lilikuwa masomo ya Héritière, na chini yake mtu alichora mstari.

Hapo ndipo shida ilipokaa. Héritière alikuwa amemaliza miaka mitatu ya digrii ya takwimu, tena kwa alama ambazo mwalimu wake alizisoma mara mbili. Tangu Septemba alikuwa akingoja majibu mawili yanayokuja pamoja: nafasi katika mwaka wa nne, ule wa kuongeza digrii ya heshima, ambao huchukua wanafunzi kumi na wawili tu, na ufadhili unaotolewa kwa alama peke yake. Ufadhili mwingine wote aliokwisha kuutazama ulidai kitambulisho cha raia, na yeye, aliyeingia nchi hii akiwa na miaka minne, mgongoni mwa mama yake, alikuwa na karatasi ya mkimbizi inayohuishwa kila inapokaribia kufa. Huu mmoja haukuuliza umezaliwa wapi. Baba yake, Marcellin, alilinda geti la nyumba za watu huko mtaa wa Observatory, na mshahara wake ulifika kwa mwenye nyumba ukakomea hapo. Bila ufadhili, nafasi ni maneno matupu. Héritière angekaa kando ya cherehani ya mama yake akishona mapindo, huku kila mteja akimwambia kwamba wakati wa Mungu ndio bora.

Jumatatu ya wiki ile chuo kilimwandikia. Majibu yatatoka Alhamisi au Ijumaa, na atakayechaguliwa athibitishe kwenye mtandao kabla ya saa kumi jioni ya Ijumaa. Asiyethibitisha, nafasi yake na fedha zake zitakwenda kwa anayefuata.

Alimwonyesha mama yake barua ile. Mama Agnès si mtu wa kudanganywa na karatasi. Alifundisha shule ya msingi Uvira kabla ya vita kumfanya fundi cherehani. Alivaa miwani, akasoma, akasoma tena, akamrudishia simu. "Jibu ikikuja, itakukuta mu maombi," alisema. "Simu haina miguu, haiwezi kukimbia."

Kwake yeye jibu lilikuwa jibu. Kwa miaka kumi na nane alikuwa amepanga foleni kwenye ofisi za serikali, na huko alijifunza kwamba jibu hupigwa mhuri na wakubwa, likakaa mezani likikungoja hata mwaka, na anayelisukuma ndiye anayerudishwa mwisho wa mstari. Kwamba kuna jibu linalokuuliza wewe swali, tena likakupa saa chache za kujibu, hilo halikumwingia. Héritière alieleza kwa Kiswahili, akaeleza kwa Kiingereza, akachora hata saa. Mwishowe aliomba abaki nyumbani. Mama akashangaa kweli kweli: watu wafunge kwa ajili yake, halafu yeye mwenyewe ashinde jikoni? Angemwachia rafiki neno la siri, lakini chuo hutuma namba ya kuingilia kwenye simu yenyewe. Kila mlango aliousukuma ulikuwa na mtu mwema amesimama nyuma yake.

Simu hazikuzimwa. Ijumaa asubuhi zililia kabatini bila kukoma, nyimbo za sifa, kengele, jogoo mmoja asiyejua kuchoka, na kila iliyoisha chaji ikanyamaza. Héritière alipiga magoti karibu na kabati kuliko ilivyolazimu. Saa nne na robo, katikati ya zaburi, aliusikia mlio wake mwenyewe: kugonga mara mbili, kama kucha kwenye kioo. Barua pepe. Huenda likawa tangazo la viatu. Huenda ikawa maisha yake yote, yamelala kwenye kapu chini ya jogoo wa mtu.

Alimfuata mama yake, akamnong'oneza. Mama Agnès hakupandisha sauti.

"Watu thelathini wamelala njaa juu yako. Na weye ndiye unataka kufungua kabati?"

Pasta Placide aliwaona wakinong'onezana, akauliza, akaambiwa, akamwekea Héritière mkono kichwani na kumkemea roho wa haraka kwa dakika ishirini na tano. Ni mtu mwenye mkono mzito. Héritière alifumba macho, akaona namba tu: saa sita, saa saba, saa nane. Alitamani kupiga kelele, na alijua kwamba akipiga kelele wangefurahi, wakidhani roho anatoka.

Saa nane na nusu ndiyo ilikuwa saa ya kupumzika. Wanaume walijilaza upande wa madirisha, wanawake kwenye mikeka karibu na kabati. Mama Agnès alilala chali, kinywa wazi, pumzi ikimkwaruza kooni. Héritière alimtazama, ingawa hakuwa na muda wa kupoteza. Kisha aliingiza vidole viwili chini ya kola ya kitenge, akaifungua pini, akauchukua ufunguo.

Kufuli lilikubali. Mlango wa kabati ulilia kidogo, na Mama Mamie, aliyelala amegeukia ukuta, akanyoosha mguu, basi. Simu ilikuwa na chaji asilimia sita. Barua ilianza na neno la furaha, na Héritière alilisoma mara tatu kwa sababu macho yalikuwa yanamruka. Nafasi: ndiyo. Ufadhili: ndiyo, wote, karo na vitabu na malazi. Thibitisha hapa. Akabonyeza. Wakaomba namba ya kuingilia; namba ikaja; akaikosea. Wakatuma nyingine. Asilimia tatu. Akaiandika tarakimu moja moja kama mtoto wa darasa la kwanza. Asante, tumepokea uthibitisho wako. Ilikuwa saa tisa kasoro dakika tisa. Akairudisha simu chini kabisa ya kapu, akafunga, akapiga magoti kando ya mama yake na kuubana ufunguo pale pale ulipokuwa.

Kisha akajilaza na kung'ata upindo wa kitenge chake, maana furaha ile ilikuwa kubwa na hakukuwa na mahali pa kuiweka. Alitaka kumpigia baba yake getini. Alitaka kushuka ngazi mbio hadi chini. Bati lilikuwa limeshushwa, na ilikuwa bado Ijumaa.

Saa tisa waliamshwa, na Pasta akasema waanze na la nne, kwa kuwa shetani amelishambulia asubuhi. Mama Agnès ndiye aliyeongoza. Sauti yake ilikuwa imekauka ikawa ya mtu mwingine, na mdomo wa chini ulikuwa umepasuka, damu kidogo ikiganda kwenye ufa. Aliomba nafasi. Aliomba ufadhili. Alimkumbusha Mungu alama zote, somo kwa somo, bila kukosea hata moja. Aliomba kitu kilichokuwa tayari kabatini, hatua tatu kutoka alipopiga magoti, na angeendelea kukiomba bila tone la maji mpaka Jumapili.

Héritière alivumilia karibu saa nzima. Mama yake alipotoka kwenda kunawa uso kwenye sinki la nje ya ukumbi, alimfuata. Alifungua bomba, akakinga maji kwa viganja.

"Mama, kunywa kidogo. Nimepata. Yote mbili."

Mama Agnès hakuuliza amejuaje. Alinyoosha mkono, akazibana kingo za kola yake.

"Pini umeifunga kinyume," alisema. "Iko inanichoma tangu saa tisa."

Maji yalipita kati ya vidole vya Héritière. Machozi yakamtoka, ingawa hakujua kama ni ya aibu au ya furaha.

"Yote mbili?" mama yake akauliza polepole.

"Yote, Mama. Hata mahali pa kulala."

Mama Agnès aliegemea ukuta. Uso ulimlegea, na kwa muda mfupi alikuwa mwalimu wa Uvira aliyesikia jina la mwanafunzi wake likisomwa kwanza. Alimshika Héritière shavu kwa kiganja kikavu. Halafu akakitoa.

"Sasa kunywa, Mama. Imeisha."

"Imeisha kwako. Mamie hajapata makaratasi yake, mwaka wa kumi na moja huu. Nikikunywa maji sasa hivi, watajua ile kabati ilifunguliwa, nitamwambia nini? Wote wale, tutawaambia nini?" Alifunga bomba mwenyewe, akalikaza. "Utanyamaza mpaka siku ya Yenga, mfungo ikiisha. Na utaomba na wengine."

Waliporudi ndani, Mama Agnès alikwenda moja kwa moja kwa Mama Mamie. Alifungua pini mbele ya watu wote, akamwekea ufunguo mkononi. Alisema macho yamechoka, ukae kwa mtu mwingine. Mama Mamie aliupokea kwa mikono miwili, ameinama kidogo, kwa sababu miaka yote ile hakuna ofisi iliyowahi kumkabidhi kitu.

Kisha akaomba ruhusa aongoze yeye. Pasta alimwonyesha ubaoni ombi la kwanza, lake mwenyewe. Mama Mamie akatikisa kichwa. Alipiga magoti, akamvuta Héritière kwa mkono uliokuwa na ufunguo, akamweka kati yake na Mama Agnès.

"Bwana," alisema, "anza na huyu mtoto. Mimi nitangoja."

Ukumbi mzima uliitika kwa kilio. Upande wa kushoto Mama Agnès alikuwa ameinamisha kichwa mpaka paji likagusa mkeka, na hakuinua uso. Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi na dakika tano. Héritière alihisi meno ya ufunguo kwenye kiganja chake, yakibanwa na mkono wa Mama Mamie uliokuwa ukitetemeka kwa njaa, na akasema amina, kwa sauti, pamoja na wengine.