Leo Sishushi Mlango

Kwenye mtaa wetu, maafisa wa kodi wakionekana tu pale kona, shemeji yangu hugonga chuma mara tatu, na maduka yote yanashusha milango. Mara ya mwisho nilijifungia saluni kwangu na mama mchungaji, nywele nusu zimesukwa, nusu zimesimama. Gizani humo mama wa watu akapiga magoti, akamwomba Mungu awapofushe maafisa. Na mimi, na akili zangu timamu, nikaitikia amina.

Amina ile ilinikaa kooni wiki nzima. Maana kanisani mimi ndiye ninayewafundisha wanaojiandaa kubatizwa kwamba Yesu alipodaiwa kodi alimtuma Petro akavue samaki mwenye sarafu mdomoni, akalipe. Hakumtuma akafunge mlango! Nilijionea aibu.

Basi leo asubuhi, ko, ko, ko. Mtaa mzima ukashusha. Mlango wangu ukabaki juu.

Shemeji akaja mbio. Ni mzee wa kanisa, duka lake la vifaa vya ujenzi liko ukuta kwa ukuta na saluni, na chumba hiki nimepanga kwake.

"We shemeji, umerogwa? Shusha!"

"Leo sishushi."

"Unataka kutuchoma wote? Hata Yesu alipindua meza!"

"Alipindua za wafanyabiashara, shemeji, ndio sisi hao. Za watoza ushuru alikaa akala."

Mteja wangu alicheka mpaka rola ikamdondoka kichwani. Shemeji hakucheka. "Wakiingia humu, nataka funguo zangu leo leo." Akaenda kujifungia.

Niliogopa, nisidanganye. Miaka sita ya jasho langu imo kwenye chumba hiki, na pa kwenda sina. Lakini mlango sikuugusa.

Afisa akaingia, dada mmoja mpole na faili lake. Kabla hajafungua mdomo nikamwambia, "Sijawahi kujiandikisha. Niandikishe." Akavuta kiti, akaandika. Kuna faini, akasema, nitalipa kidogo kidogo. Kisha akauliza, "Jirani yako yupo?"

Kumchoma ndugu wa mume wangu siwezi, na kudanganya nimechoka. "Wangu nimeufungua mwenyewe," nikasema. "Wa kwake kamgongee."

Hakugonga. Alisimama mlangoni pangu, akasoma namba ya simu kwenye bango la duka la shemeji, akapiga. Nyuma ya chuma ukalia wimbo wa kwaya, sauti juu kabisa.

Mlango ukapanda taratibu. Shemeji akatoka, jasho linamtiririka. Hata hakumtazama afisa. Alinijia mimi, mkono ameunyoosha. "Funguo zangu."

Nikazitoa mfukoni. Sikumwomba radhi.

"Kwani chumba hiki cha saluni ni cha nani?" afisa akauliza, kalamu mkononi.

Shemeji akatazama funguo, akatazama faili. Akikikana, funguo si zake. Akikikubali, ataandikwa naye alipe kodi.

"Changu," akasema hatimaye. "Andika."

Funguo hakuzichukua. Nikazirudisha mfukoni, nikainama kuokota rola ya mteja wangu.