Aje Amefunga

Shamimu alikuwa ameshavalishwa gauni la kijani lililomfika mpaka kwenye vidole vya miguu, ameketi kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji. Ana miaka mitano. Ana mtoto wa jicho, kulia na kushoto, na hata aliyekaa karibu naye, yeye humtambua kwa sauti tu. Mama yake, Pili, anayeuza chapati kwa madereva wa malori mpakani Tunduma, alikuwa ameisubiri siku hii mwaka mzima. Daktari wa macho ya watoto huja mara moja kwa mwaka na kukaa siku nne. Leo ilikuwa ya nne.

Muuguzi, sista Goodness, alikuja na faili. "Mama Shamimu, mtoto amefunga?"

"Amefunga, sista."

"Mara ya mwisho amekula saa ngapi?"

"Saa kumi alfajiri. Nilimwamsha nikampa daku, wali na maharage, akashiba vizuri. Tukanuia wote wawili. Tangu adhana hajaonja hata maji."

Sista aliacha kuandika. "Daku?"

"Si mlisema aje amefunga?"

"Asile kitu tangu usiku, mama! Tukimpa dawa ya usingizi ana wali tumboni atatapika, chakula kiingie kwenye mapafu, atufie mezani. Mnaelezwa, hamsikii!"

Nani alimweleza? Tangazo la hospitali lilikuja kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, mstari mmoja: watoto wa upasuaji waje wakiwa wamefunga. Hapakuwa na saa, wala namba ya kuuliza. Kwa kina Pili watu hufunga kila mwaka, na mtoto anayejaribu kufunga hupewa daku ya kutosha asije akazimia. Tena alimwonea huruma, akamwongezea upawa wa pili. Upawa ule ndio uliokuwa unamchoma sasa.

Daktari alitoka kuuliza mbona mtoto haletwi. Alipoelezwa, akatazama saa ya ukutani.

"Saa saba tumbo litakuwa tupu, ningeweza kumfanyia," alisema.

"Saa sita ni hafla ya kufunga kambi ya macho, daktari," sista akajibu. "Mgeni rasmi yuko njiani. Mashine zinapakiwa kabla hajafika, halafu gari linakupeleka Mbeya."

"Hafla haisogezwi?"

"Ratiba imetoka mkoani."

Pili alishika mkono wa koti la daktari. "Nakuomba, baba yangu. Saa moja tu. Nitakaa hapa hapa, hatasumbua."

Daktari hakuuondoa mkono wa Pili. Alikuwa mtu mwema, na wema wake haukusaidia kitu. "Mlete mwakani, mama."

"Mwakani ataona?"

"Jicho la mtoto lisipojifunza kuona mapema, ubongo unaliacha. Tayari tumechelewa. Mwakani utando nitautoa. Kuona, siwezi kukuahidi."

Sista aliandika kwenye faili: Mzazi hakufuata maelekezo. Akamwonyesha Pili pa kuweka sahihi. Pili akaweka.

Kabla gauni halijavuliwa, alipita Damiano, ofisa habari wa hospitali, kamera shingoni. "Huyu mtoto kapendeza! Naomba picha moja ya habari yetu. Mtoto mzuri, angalia huku, cheka."

Shamimu amelelewa kuwatii wakubwa. Alicheka, meno yote nje, akiuelekea ukuta. Damiano akamgeuza kidevu, akapiga. Pili hakuwa na nguvu ya kumkataza.

Saa tisa walikuwa stendi wakisubiri gari la kurudi Tunduma. Simu ikaanza kulia milio ya ujumbe mfululizo. Kwenye kundi la mtaa kulikuwa na picha ya Shamimu, na chini yake maneno ya hospitali: Kambi ya macho yamalizika kwa mafanikio makubwa, watoto wetu waona tena.

Majirani walikuwa wamelipuka. Hongera mama Shamimu! Alhamdulillahi! Mariam wa jirani aliandika kwamba amelia kwa furaha, na kwamba leo wasipike, chakula cha jioni kinatoka kwake.

Pili alianza kuandika jibu, akafuta. Akaandika tena, akafuta.

"Mama, ni nani hao?"

"Majirani."

"Wanasemaje?"

Pili aliizima simu.

"Wanasema unaona, mwanangu."