Alama ya Mwaka wa Tisa

Wendell Pruitt aliegesha gari-nyumba lao kwenye uwanja wa duka kubwa, nje kidogo ya mji mkongwe wa St. Augustine, akaingia dukani kumwomba meneja ruhusa ya kulala hapo, kama ilivyo desturi ya wasafiri wa magari hayo. Meneja alikubali, ila usiku mmoja tu. Mkewe, Darlene, alikuwa akikwangua kopo la siagi ya karanga. Binti yao Josie alikuwa anatimiza miaka tisa siku hiyo.

Kule kwao Ohio, siku ya kuzaliwa ilikuwa na kazi yake kabla ya keki. Kila mwaka Josie alisimama kwenye mwimo wa mlango wa jikoni, visigino nyuma, Darlene akamwekea kitabu kichwani na kuchora mstari kwa penseli. Kisha benki ikaichukua nyumba. Mtoto aliambiwa wanakwenda matembezi, na matembezi yakiisha watarudi. Penseli ilikuwa bado mkobani mwa Darlene.

"Mwaka huu tutachora wapi?" Josie aliuliza.

"Tutaona, mwanangu."

Wakaenda mjini kutembea kama watu wengine. Waliipita ngome ya Wahispania na farasi wa kukokota watalii, wakakata kona, na hapo, kati ya nyumba ya gavana wa zamani na kanisa dogo la mawe, ilikuwa imesimama nyumba yao ya Ohio.

"Ile si yetu?" Josie alisema.

"Ndiyo," Wendell alijibu. "Wameipaka rangi. Na mfereji wa paa uliokuwa ukivuja wameuziba. Mimi ulinishinda miaka yote."

Watu walikuwa wamepanga foleni ya kuingia kuitazama, mpaka kwenye sanduku la barua. Wakasimama nyuma yao.

Mwongozaji alikuwa msichana aitwaye Kaylin, amevaa aproni ya Darlene, ile yenye doa la rangi ya kupakia mayai ya Pasaka. Aliusukuma mlango kwa nyonga. "Huu mlango una kiburi mvua ikinyesha," alisema, na watalii wakacheka. Yalikuwa maneno ya Darlene mwenyewe, nyonga ikiwa ya mwingine. Wivu ulimchoma.

"Kiti hiki," Kaylin aliendelea, "baba wa nyumba alikilalia kila Jumapili, mpira ukiendelea kwenye televisheni."

"Mvivu huyo!" alisema mzee mmoja mwenye kamera. Wendell akacheka pamoja nao, ingawa goti lilimuuma na kiti chake kilikuwa nyuma ya kamba.

Jikoni, mwimo wa mlango ulikuwa umewekewa kioo.

"Hizi ni alama za mtoto wa nyumba, aitwaye Josie," Kaylin alisema. "Zinaishia miaka minane."

"Jamani! Alikufa?" aliuliza mama mmoja mwenye kofia ya majani.

"Hapana, mama. Wengi huuliza hivyo. Walikwenda matembezi."

"Wakarudi?"

"Maelezo yetu yanaishia hapo."

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mwenyeji afanyeje akija kama mgeni. Darlene alisubiri kundi lisogee, akatoa penseli.

"Josie ndiye huyu. Leo ametimiza tisa. Nakuomba mstari mmoja tu, dada."

"Najua, mama. Niliwatambua toka kwenye foleni, picha yenu iko kwenye friji. Hongera, Josie." Kaylin alishusha sauti. "Lakini nyumba inatunzwa kama mlivyoiacha. Nikiruhusu, nafukuzwa. Na mimi mwenyewe nalala garini."

Darlene aliitazama kola ya msichana, iliyokunjamana kama nguo iliyolaliwa. Akarudisha penseli mkobani. Roho ilimuuma, lakini alirudisha.

"Kusimama kando ya kioo kunaruhusiwa," Kaylin alisema.

Josie alisimama, visigino nyuma.

"Umemzidi mtoto wa nyumba kwa vidole vinne!" Kaylin alitangaza, na watalii waliobaki wakampigia makofi. Walitolewa kwa mlango wa nyuma, kupitia kibanda kilichouza penseli zenye picha ya nyumba.

"Sasa tumerudi, au bado?" Josie aliuliza barabarani.

"Bado," Darlene alisema.

Jioni walikula keki ya dukani. Darlene alifuta mlango wa kabati la gari, akachukua kitabu. "Njoo usimame hapa."

Josie aliutazama ule mlango, mweupe, hauna hata mstari mmoja.

"Huwezi kuanzia tisa, Mama," alisema, akaenda kulala.

Wendell aliosha kisu. Darlene alibaki ameshika kitabu mpaka alipokumbuka kukiweka.

Asubuhi meneja aligonga dirisha, wakaondoka. Njia iliwapitisha tena kwenye ile kona. Foleni ilikuwa imeshafika kwenye sanduku la barua, Kaylin alikuwa akiusukuma mlango kwa nyonga, na ndani, jikoni, mtoto wa nyumba alikuwa bado na miaka minane.