Waliochoma Ramani ya Mwalimu

Wiki nzima Fundi alishona sare za shule. Jumamosi alasiri alifunika cherehani kwa shuka, akasukuma mabaki ya vitambaa kwa mguu, na ile meza ya kukatia ikageuka nchi. Nchi yenyewe aliibuni yeye: ina mfalme mlevi, mito inayohamahama, na mji mkuu uliojengwa ndani ya kengele kubwa iliyopasuka. Wenzake watatu kila mmoja alikuwa na shujaa wake humo. Fundi alisimulia kinachotokea, wao wakasema mashujaa wao wanafanya nini, na penye shaka dadu ikaamua.

Wenzake hao walikuwa Cheche, mchomeleaji wa mageti mwenye kicheko cha kutikisa madirisha. Mwalimu, mstaafu mwenye mwandiko wa kuonea wivu. Na wifi yake, mke wa kaka yake mkubwa, ambaye nyumbani aliaga kwamba anakwenda kupimwa gauni.

"Gauni gani hilo lisiloisha?" Cheche alimtania.

"La harusi ya wajukuu zangu," wifi alijibu.

Siku mashujaa walipofika mji mkuu, Fundi aliharibu. Alikuwa amebuni makundi yanayougombania mji, akawasomea asili ya kila moja, viongozi wake, bendera zake, nani alimsaliti nani enzi za babu wa mfalme. Cheche akaanza kukoroma. Wifi akawa anapanga vifungo kwa rangi.

"Mwanangu," Mwalimu alisema kwa upole, "nimefundisha historia maisha yangu yote, lakini ukavu huu sijawahi kuufikia."

"Basi nitajieni kundi moja tu mnalolikumbuka."

Wakatazamana. "Wale wenye kofia?" Cheche akajaribu.

"Hakuna wenye kofia!"

Wiki ile Fundi alikanyaga cherehani kama anayeikomoa. Alijiambia hawa watu hawana shukrani, heri aache. Kisha akaingia mteja mmoja, mama ambaye kila akija humvua Fundi utepe wa kupimia shingoni na kujipima mwenyewe kiuno, akipunguza. Fundi akaushika utepe wake kwa mikono miwili kabla mama yule hajatoa salamu, na papo hapo akacheka peke yake. Fundi hakuujua ukoo wa mama huyu wala alikozaliwa. Alijua tu kwamba akija, kuna kitu atanyakua, na hilo lilitosha asimsahau.

Jumamosi iliyofuata hakusoma chochote.

"Mko langoni," alisema. "Jua kali, ndimi zimekauka. Anakuja mwanamke mwenye mtungi." Akawamiminia maji ya kweli, baridi, gilasi tatu. Cheche akanyoosha mkono. Fundi akaufunika mdomo wa gilasi kwa kiganja. "Sisi ni Wenye Visima. Mji huu hakuna anayekufa kwa kiu. Ila anayekunywa maji yetu hatumwiti tena kwa jina lake. Tunamwita Wetu."

Cheche akarudisha mkono taratibu. "Mbona koo linaniuma ghafla?"

"Nyuma yenu wanatokea watu wenye vidole vyeusi kwa masizi. Wanataka ramani."

Mwalimu alikuwa ameichora ramani ile tangu mchezo uanze, kila mto, kila kijiji, kwa wino wa rangi. Akamkabidhi Fundi akidhani ni utani. Fundi akawasha kiberiti na kuiunguza kona moja, akaizima kwa kidole.

"We!" Mwalimu akaruka. "Kazi yangu hiyo!"

"Sisi ni Wachoma Ramani," Fundi alisema. "Aliyeichora nchi ameshamwonyesha adui njia. Hiyo ni kona tu. Mkitupinga, tutachoma iliyobaki."

"Washenzi wakubwa!" Mwalimu alifoka, lakini macho yake yalikuwa yanang'aa.

Kisha Fundi akasimama, mikono nyuma, kimya. Akawatazama mmoja mmoja mpaka Cheche akajikuta ameinuka, Mwalimu akafuata, na wifi naye. "Wana wa Mjane," akanong'ona. "Mjane wetu akipita, hakuna anayekaa."

Mlango ukafunguliwa. Kaka yake akasimama kizingitini, akawaona watu wazima wanne wamesimama kuizunguka meza bila neno, chumba kikinuka karatasi iliyoungua.

"Nani amekufa?" aliuliza. Kisha akamwona mkewe. "Kumbe gauni lenyewe ndilo hili! Watu wananiambia dada yako anaita mapepo kwa dadu, mimi nawatetea!"

"Ni mchezo, kaka. Karibu uketi."

"Mchezo ni wa watoto. Na leo ndiyo mwisho. Nyumba hii ni ya baba yetu, mimi ndiye mkubwa, nimesema."

Zamani neno hilo lilikuwa linamfunga Fundi mdomo. Safari hii aliweka dadu mezani, mbele ya kaka yake.

"Ukubwa wako nauheshimu, kaka. Baba alipokuwa mgonjwa, nani alimgeuza kitandani? Sikulaumu. Lakini ndani ya chumba hiki nafanya kazi, nacheka, na sitaomba ruhusa ya kucheka. Sikuachi ukiwa na njaa, sikuachi ukiwa na msiba. Hili nakukatalia."

"Nitaitisha kikao cha ukoo!"

"Kiitishe. Nitakuja."

Kaka akamgeukia mkewe. "Twende nyumbani."

Wifi alikuwa bado amesimama. Akavuta kiti, akakaa, akakunja mikono. "Nitakuja tukimaliza, baba watoto. Chakula kiko jikoni, kimefunikwa. Na kuanzia leo nikija huku nitaaga nakuja kucheza. Nimechoka na gauni."

Kaka akageuka. Aliondoka akiubamiza mlango hadi mkasi uliotundikwa ukutani ukaanguka.

Fundi akauokota. Wifi akamtazama. "Huyo Mwana wa Mjane yuko bado mbele yetu?"

"Yupo."

"Mwambie shujaa wangu amekaa."

"Atachomoa upanga."

"Na achomoe."

Cheche akakaa. Mwalimu akaikunja ramani yake, akaikalia, naye akasema maji ya Wenye Visima hanywi, bora afe na jina lake. Wifi akaokota dadu na kuirusha. Ikatua vibaya kabisa. Shujaa wake alikatwa sikio palepale langoni, naye akadai sikio hilo lifungwe vizuri kwenye kitambaa, atalihitaji.

Kikao cha ukoo kilikaa. Fundi alikwenda, akasikiliza, akarudia maneno yaleyale bila kupandisha sauti. Shangazi wakanung'unika, hawakuamua kitu. Kaka yake alinuna muda mrefu; salamu zake zilipitia kwa watoto. Ilimuuma Fundi, kwa kuwa alimpenda. Lakini kila Jumamosi wifi alipita mbele ya mumewe sebuleni, viatu mguuni, akasema, "Nakwenda kucheza."